Musambwa: Kisiwa cha Ndege na Neno Linalokilinda

Mwanafunzi anayetakiwa kufasiri kwa Kiswahili neno la Kifaransa "sanctuaire", pale linapotumika kwa ndege au wanyama, hukutana na maneno kadhaa yanayogombea nafasi. La kwanza ni hifadhi, neno lenye asili ya Kiarabu, ambalo ofisi za serikali za Afrika ya Mashariki zimelizoea kwa mbuga na misitu. La pili ni kimbilio, ambalo linatazama jambo kutoka upande wa anayekimbia, wala si wa anayelinda. La tatu ni patakatifu, ambalo limekwisha kuchukuliwa na Kanisa. Kila moja linabeba jibu la swali lake: mahali hapa pamelindwa na nani? Hifadhi inajibu kwamba ni serikali. Patakatifu panajibu kwamba ni Mungu. Kimbilio halijibu kitu, kwani ndege mwenyewe ndiye aliyejichagulia.

Kuna kisiwa kimoja katika Ziwa Viktoria ambacho kimeliepuka tatizo hilo. Jina lake tu limekwisha kusema yote matatu. Kinaitwa Musambwa, na makala haya yanakusudia kukieleza, kwanza kama makao ya ndege, kisha kama jina. Kwani huko mambo hayo mawili hayatenganiki kwa urahisi.

Kwa kusema kweli Musambwa ni kikundi cha visiwa vidogo vya mawe, ambavyo vyote kwa pamoja ni hekta chache tu. Viko upande wa kusini-magharibi wa ufuko wa Uganda, mbele ya Ghuba ya Sango, si mbali na mpaka wa Tanzania na mahali ambapo mto Kagera unamwaga maji yake ziwani. Kwa mgawanyo wa utawala, eneo hilo lilikuwa katika wilaya ya Rakai hadi wilaya ya Kyotera ilipoanza kazi mwaka 2017. Nchi kavu inayotazamana na visiwa ni ya chepechepe: mafunjo, mbuga za maji na misitu inayosimama ndani ya matope. Mtu akitoka huko kwa mtumbwi, huona mbele yake mawe makubwa yaliyopakwa weupe, kana kwamba mtu amemwaga chokaa. Weupe huo ni samadi ya ndege.

Ndege wanaokipa kisiwa hicho sifa ni shakwe wenye kichwa cha kijivu, ambao wataalamu huwaita Larus cirrocephalus. Jina la kijivu linastahili wakati wa kuzaa tu: wakati huo kichwa huvaa kofia ya rangi hiyo, kisha msimu ukipita kofia hufifia. Musambwa huhesabiwa miongoni mwa mahali pakubwa kabisa pa kuzalia shakwe hao katika Afrika nzima. Pamoja nao huzaa minandi, yaani wale ndege weusi wapigao mbizi, wadogo wenye mkia mrefu na wakubwa pia, pamoja na yangeyange wadogo weupe. Mnandi akitoka majini hukaa juu ya jiwe akiwa ametanda mabawa yote mawili, kwa sababu manyoya yake hulowa. Shakwe hana haja hiyo. Yeye huokota chakula juu ya uso wa maji, na kando ya mitumbwi hupata dagaa anayedondoka.

Kwa nini basi ndege wengi hivyo wakubali kubanana juu ya mawe machache ilhali ziwa lina eneo la kilomita za mraba karibu 69,000? Jibu liko katika tago. Shakwe hajengi juu ya mti. Hutaga mayai yake mawili au matatu chini, katika tago dogo la nyasi, wazi kabisa. Bara, mayai ya namna hiyo hayamalizi usiku mmoja: nguchiro atayala, kicheche atayala, mbwa wa kijiji atayala. Maji ndiyo ukuta pekee alio nao shakwe. Kisiwa kidogo kisicho na mnyama wa miguu minne kinamtosha, hata kiwe kimejaa kelele na harufu, na hata majirani wawe wagomvi. Ukuta huo, hata hivyo, una mlango mmoja, nao ni mtumbwi. Mnyama pekee anayeweza kuvuka hadi Musambwa kila siku ni binadamu, na kwa muda mrefu wavuvi wamekuwa na kambi papo hapo kisiwani, hatua chache kutoka katika matago.

Hapa ndipo jina linapoingia.

Katika Luganda, musambwa (wingi: misambwa) ni roho inayokaa mahali fulani pa nchi: jiwe, mti, chemchemi, mto, pengine ndani ya mnyama kama nyoka au chui. Haifanani na muzimu, ambaye ni roho ya mtu aliyekufa, wala na lubaale, ambao ni miungu mikubwa, kama vile Mukasa wa ziwa, ambaye hekalu lake lilikuwa katika kisiwa cha Bubembe upande wa Ssese. Lubaale huhudumiwa na makuhani na hujulikana nchi nzima. Musambwa ni wa mahali pake. Haendi popote, na anayepita hapo ndiye anayepaswa kumjua. Ziwa lenyewe huitwa Nalubaale na Waganda, yaani mama wa miungu hiyo. Kwa hiyo mtu anayesafiri kutoka ufuko wa Sango hadi kisiwani hupita kutoka jina moja takatifu hadi jingine.

Kisarufi, musambwa na muzimu ni wa ngeli moja, ile ya mu-/mi-, ambayo Kiswahili pia kinaitumia kwa mzimu na mizimu, sawasawa na mti na miti. Ni ngeli ya vitu vyenye uhai visivyo watu. Wasemaji wa Kiswahili cha pwani wamekwenda hatua moja zaidi: kwao mzimu ni roho, na pia ni mahali pale penyewe ambapo watu hupeleka sadaka, pango au mbuyu. Roho na mahali vimekuwa neno moja. Jambo hilohilo ndilo lililotokea Ziwa Viktoria, pale ambapo jina la roho limekuwa jina la kisiwa. Si kila lugha iliyo jirani imelishika neno hilo kwa maana ile ile. Kwa Wabukusu wa magharibi ya Kenya, shina hilo hilo la -sambwa limeelekea upande wa wahenga, wala si wa mawe na maji.

Msomaji wa Lubumbashi hahitaji kwenda mbali ili alielewe wazo hili. Wabemba wanazo ngulu, roho zinazokaa katika maporomoko ya maji, miamba na milima, na ambazo mara nyingi huonekana kwa sura ya chatu. Waluba wanao bavidye, roho za maziwa, milima na chemchemi za maji moto, ingawa neno vidye limepanda cheo na leo katika makanisa ya Kiluba Vidye ni jina la Mungu mwenyewe. Mukishi, kinyume chake, ni jamaa ya nkisi ya Wakongo, na linaelekea upande wa mtu aliyekufa au kitu kilichotiwa nguvu. Ukitaka kumweleza mkazi wa Katuba au Kenya, mitaa ya Lubumbashi, kisiwa cha Musambwa ni kitu gani, usimwambie mukishi. Mwambie ngulu.

Roho ya mahali haina kazi bila katazo. Kwa Kiswahili katazo hilo huitwa mwiko. Luganda ina omuziro, neno linalotumiwa hasa kwa mnyama ambaye ukoo hauruhusiwi kumla, na Waluba wana kizila, wingi bizila, kwa makatazo yaliyomzunguka mfalme na watu wengine. Anayesikiliza kwa makini atasikia shina moja katika omuziro na kizila. Na kuna jambo la kupendeza zaidi. Miongoni mwa koo za Buganda mmoja ni ukoo wa Nnyange, ambao omuziro wake ni yangeyange mweupe. Nnyange ya Luganda na yangeyange ya Kiswahili ni ndugu wa wazi, Kiswahili kikiwa kimelirudia neno mara mbili kama kinavyofanya mara nyingi kwa majina ya ndege. Mtu wa ukoo huo akishuka kisiwani hukuta matago ya yangeyange waliokwisha kulindwa naye tangu alipozaliwa, kabla ya sheria yoyote ya serikali kutamka neno.

Miiko ya kisiwa chenyewe inajulikana vizuri, kwani imesimuliwa na wavuvi na kuandikwa na magazeti ya Uganda mara kwa mara. Nyoka hauawi. Nao ni wengi, wakiwemo swila na chatu. Hukaa kati ya mawe na huingia hata katika vibanda, na mvuvi humpisha kama mtu anavyompisha mwenye nyumba. Wanawake hawakai kisiwani, na tendo la ndoa limekatazwa huko. Anayevunja mwiko, wasemavyo, huleta dhoruba au hunyima kambi nzima samaki. Adhabu haimwangukii mkosaji peke yake, na kwa sababu hiyo kila mtu ni askari wa mwenzake.

Ni rahisi kusifu miiko hiyo kwa matokeo yake, na waandishi wengi wamefanya hivyo. Kisiwa kisichokaliwa na familia hakina mifugo, hakina paka, hakina watoto wanaocheza katika matago, hakina mashamba, na kuni zinazokatwa ni chache. Mtaalamu wa ndege angeketi mwaka mzima akitunga kanuni, asingepata bora kuliko hizo. Hata hivyo haifai kumezwa na sifa hiyo. Mwiko unaomzuia mwanamke kukanyaga mahali ambapo kazi na fedha ya uvuvi zinapatikana haukutungwa kwa ajili ya shakwe, na gharama yake haikulipwa na wale walioutunga. Ndege wamefaidika kwa njia ya kando tu.

Tena mwiko una mipaka yake, na mpaka mmoja ulikuwa wa hatari. Ulimtaja nyoka; haukuyataja mayai. Wavuvi wa kambi waliyaokota mayai ya shakwe na kuyala, na hakuna aliyeona kwamba musambwa amekosewa. Mtu aliweza kumpisha swila kwa heshima asubuhi, kisha adhuhuri akajaza kapu mayai, naye akawa mwaminifu kabisa kwa mila. Hapa tunaona tofauti kati ya mwiko na sheria. Sheria hujaribu kutaja kila kitu kinachodhuru. Mwiko hutaja kitu kimoja chenye uzito na kuacha mengine yakae chini ya kivuli chake. Kivuli kikifika, vizuri. Kisipofika, hakuna anayeona kosa.

Marekebisho yalikuja kwa mazungumzo. NatureUganda, chama cha wapenzi wa maumbile ambacho mizizi yake ni ile jumuiya ya Afrika ya Mashariki iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1909, kilizungumza na wavuvi wa Musambwa, na wavuvi wakajiunga katika chama chao ili kuzuia uokotaji wa mayai. Inafaa kuangalia jinsi jambo hilo lilivyo. Hakuna askari anayeweza kulala kisiwani kila usiku. Anayelala hapo ni mvuvi. Katazo jipya lisingeweza kusimama bila kupata namna ya lile la zamani: kosa la mmoja ni hasara ya kambi nzima, na kila mtu ni askari wa mwenzake.

Sheria ya kimataifa ilifika mwisho. Mapatano ya Ramsar juu ya maeneo yenye maji, yaliyotiwa sahihi katika mji wa Ramsar, Irani, mwaka 1971, yaliungwa mkono na Uganda mwaka 1988 na nchi yetu mwaka 1996, ilipokuwa bado inaitwa Zaire. Septemba 2006 Uganda iliandikisha chini ya mapatano hayo eneo la hekta 55,110 kwa jina la Sango Bay, Musambwa Island na mbuga za Kagera. Katika jina hilo refu, ghuba na mto vinaleta ukubwa. Hekta chache za mawe ndizo zinazoleta shakwe. Kwenye karatasi za Gland neno musambwa linasomwa kama jina la mahali tu, kama vile mtu anavyoweza kuitwa Simba bila yeyote kuogopa. Kule ziwani bado lina maana. Ila maana hiyo hudumu kwa kadiri watu wanaokaa kisiwani wanavyoielewa lugha inayoibeba. Wavuvi wa Ziwa Viktoria huhama wakimfuata samaki. Mgeni anayetoka ufuko mwingine, asiyejua Luganda, husikia Musambwa kama sauti tupu. Lazima aelezwe. Mwiko usioelezwa kwa lugha ya mgeni humzuia mwenyeji peke yake.

Ulinganisho na kisiwa kingine cha ziwa hilohilo unasaidia. Saanane, mbele ya mji wa Mwanza nchini Tanzania, kina jina la mtu aliyekuwa mwenyeji wake. Kilifanywa bustani ya wanyama katika miaka ya 1960, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Huko ulinzi ulitoka ofisini, pamoja na bango, lango na tiketi, na neno hifadhi linakifaa kabisa. Hakuna anayehitaji kujua Saanane alikuwa nani ili asiokote mayai.

Bahari ya Hindi inatoa mfano wa namna ya tatu. Mashariki ya Dar es Salaam, mbali kiasi kwamba nchi kavu haionekani, kuna kisiwa bapa cha matumbawe chenye urefu wa mita mia tatu hivi, ambacho ramani za Kizungu hukiita Latham, kwa jina la merikebu ya Kiingereza ya karne ya 18. Mabaharia wa Kiswahili hukiita Fungu Kizimkazi, wakikiunganisha na kijiji cha kusini mwa Unguja. Tuseme wazi kwamba fungu si kisiwa: ni rundo la mchanga au matumbawe linalochomoza juu ya maji, mahali pa kuepukwa na chombo. Jina ni onyo kwa nahodha. Huko buabua na ndege wengine wa baharini hutaga chini kama shakwe wa Musambwa, na kwa karne nyingi kilichowalinda hakikuwa roho wala serikali, bali umbali. Nahodha aliyetumia tanga hakuwa na sababu ya kupoteza siku kwa ajili ya mayai. Mashine ya kusukuma boti imeufupisha umbali huo, na fungu halina mwiko wa kuziba pengo.

Na Katanga? Ziwa Tshangalele, karibu na Kapolowe na Likasi, ni changa kuliko wazee wengi tuliowajua: lilitokea baada ya mto Lufira kuzuiwa kwenye bwawa la Mwadingusha, ambako umeme ulianza kutolewa mwaka 1930 kwa ajili ya migodi. Maji yalipotanda juu ya mbuga, ndege wakaja. Mwaka 1960 mtaalamu Mbelgiji Jean-Claude Ruwet alikusanya hapo mnana ambaye hakufanana na wengine. Mwaka 1982 Louette na Benson walimtangaza kuwa aina mpya na kumwita Ploceus ruweti. Baada ya hapo, karibu nusu karne tangu Ruwet, hakuna mtaalamu aliyeripoti kumwona tena, mpaka mwaka 2009 ilipoandikwa habari ya kupatikana kwake upya. Mwaka ule ule wa 1982 UNESCO ilikubali bonde hilo liwe hifadhi ya biosfera, na mwaka 2017 bonde la Lufira likaandikwa katika orodha ya Ramsar.

Mnana huyo hana kisiwa. Husuka tago lake juu ya mimea iliyosimama majini, akijipatia maji chini yake kama shakwe anavyoyapata pande zote. Ziwa limebadilika naye hakuhama. Jina lake la kitaalamu ni la mgeni mmoja, na makaratasi mawili ya kimataifa yanamlinda. Ila kando ya Tshangalele hukaa watu wanaosema Kisanga, Kilemba, Kibemba na Kiswahili, ambao wavu wao hupita chini ya matago hayo kila alfajiri, na ambao wana majina yao kwa ndege wa manyoya ya manjano anayesuka nyumba juu ya maji. Kapolowe si mbali na barabara ya Likasi. Mwanafunzi mwenye daftari anaweza kwenda Jumamosi na kurudi Jumapili.